Mpwa Wangu Alizima Umeme, Lakini Mchoro Ni Wangu

Leo ni Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane. Nimetimiza miaka thelathini na tatu na miezi minne ugenini, na nilipoondoka kwetu nilikuwa na miaka thelathini na miwili, kwa hiyo hesabu imeshanipita: nimekuwa mgeni kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa mwenyeji. Mpendwa mshauri, naomba msaada. Marehemu mke wangu alikuwa msomaji wako, akinisomea safu yako mezani na kuwacheka wanaume wanaokuandikia, nami nilikuwa nikisema kwamba mtu mzima anayepeleka siri zake gazetini amekosa marafiki. Marafiki ninao, ila hakuna hata mmoja kati yao ninayeweza kumwambia hili.

Nilikuwa mhandisi katika shirika la umeme la nchi yetu, kwenye chumba cha udhibiti, mahali ambapo watu wachache hukaa mbele ya ramani ya gridi nzima na kuangalia kama umeme unaozalishwa unatosha, kwa sababu usipotosha na ukawaacha watu wote waendelee kuutumia, gridi yote huanguka kwa pamoja, kwa hiyo ni lazima uzime laini moja kwa saa mbili, uiwashe, uzime nyingine kwa saa mbili, na kadhalika kwa zamu, na zamu hiyo haiendi kwa huruma ya mtu, inaenda kwa orodha. Kisha ukatokea mgomo wa wafanyakazi wa umeme, nikapanda jukwaani nikasema kwamba mgao huo wa umeme unawaangukia wanyonge peke yao, wenzangu watatu wakakamatwa, mimi nikavuka mpaka na begi moja. Tangu siku ile jina langu limekuwa safi kama shati la sikukuu. Vijana wananiandikia, wananiita mhandisi aliyesema kweli, na mimi nawajibu kwa unyenyekevu, maana unyenyekevu ni rahisi kwa mtu anayesifiwa.

Mwezi uliopita joto kwetu lilifika digrii arobaini na sita, siku sita mfululizo, na kati ya mashine nne za kituo kikuu mbili zilikuwa hazifanyi kazi, zimekosa matengenezo, kwa sababu matengenezo yangeleta mgao na uchaguzi ulikuwa mlangoni, na waziri alikuwa ameshatangaza jukwaani kwamba mgao umekuwa historia. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu, na aliponipigia simu siku ya tatu ya joto, pumzi zake zikikatika katikati ya maneno kwa sababu mapafu yake yalikuwa yanategemea mashine ya oksijeni, alisema, "Waziri kasema mgao ni historia. Basi shemeji, nimerudishwa kazini." Tukacheka. Sikumsikia tena.

Zamani, mshauri, hata katika ubaya wetu tulikuwa tunatangaza mgao. Ratiba ilitoka redioni, kila mtaa ukajua saa yake, mwenye mgonjwa akajiandaa. Safari hii neno lenyewe lilipigwa marufuku. Wafanyakazi wa chumba cha udhibiti waliambiwa wazime kimya kimya na wananchi wakiuliza waambiwe ni hitilafu, na simu zao walizikusanya kwenye boksi mlangoni wasije wakawaambia hata wake zao. Mmoja wa wafanyakazi hao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu huyo, niliyemwacha akitambaa na ambaye alisomea umeme kwa sababu ya sifa zangu. Siku ya tano, saa sita na robo mchana, orodha ilionyesha zamu ya laini ya nne. Laini ya nne ndiyo inayokwenda nyumbani kwao. Alimwambia msimamizi wake, "Bosi, naomba turuke hii, baba yuko kwenye mashine." Msimamizi akamwambia, "Hapa hakuna baba, kuna namba." Kijana akazima.

Nyumbani walikuwa na mtungi wa akiba wa saa tatu, kwa sababu desturi ni saa mbili na dada yangu ni mtu wa kuongeza kidogo juu ya desturi. Umeme ulikatika kwa muda wa saa saba. Laini nyingine transfoma zake zilikuwa zimeungua kwa joto, hapakuwa na ya kupokezana nayo, basi ya nne ikaachwa imezimwa. Majirani walimteremsha shemeji kwa ngazi kutoka ghorofa ya nne wakimbeba kwenye kiti cha kulia chakula, na alifika hospitali akiwa hai, akafa saa kumi na nusu katika chumba chenye baridi safi. Dada yangu alitoka nje ya lango la hospitali akiwa ameshika viatu vya mumewe, na ng'ambo ya barabara akaona duka la mazulia limeacha mlango wazi, kiyoyozi kinapuliza, baridi inamwagika mpaka barabarani. Aliniambia, "Nilisimama pale, mdogo wangu, nikahisi baridi kwenye miguu. Nilitaka kuingia nichane kila zulia kwa meno." Yeye ni mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akitukana.

Watu kumi na tisa wa laini ya nne walikufa siku hiyo. Serikali imeunda tume, na Katibu wa wizara alinipigia simu yeye mwenyewe, sauti laini kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Mzee wetu," akasema, "tunataka urudi nyumbani kwa heshima zote. Kesi yako ya zamani tumeifuta. Uwe mtaalamu huru wa tume, utie saini ripoti." Nikauliza ripoti inasema nini hali tume haijakaa hata siku moja. Akasema, "Ina milango miwili tu. Ama ni joto, janga la asili, hakuna wa kulaumiwa. Ama ni mfanyakazi aliyepitisha saa mbili za kawaida. Ukija wewe, tutapita mlango wa joto." Hakumtaja mpwa wangu, na hakuhitaji, maana kijana ameshasimamishwa kazi na amehojiwa mara tatu.

Dada yangu analia. Ananiambia, "Njoo utie saini. Aliyekufa amekufa, hata ungeandika kweli kwa wino wa dhahabu hatarudi. Mmoja wamemchukua, niachie huyu mwingine." Nikisema kwamba kutia saini ni uongo ananiambia, "Wewe ulikimbilia kweli yako ukatuachia sisi kuishi nayo. Safari hii danganya kidogo kwa ajili yangu." Na mimi, nisikufiche, nataka kurudi, nimetaka kila siku kwa miaka hii yote, ninaijua mpaka idadi ya ngazi za ile nyumba, nataka nikae chumbani mwa dada yangu nisikie watu wakizungumza dirishani lugha nisiyohitaji kuifikiria kwanza.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika. Mpwa wangu, alipoomba laini ya nne irukwe, aliomba pia jambo jingine. Aliomba wazime laini ya kwanza, kwa kuwa peke yake inameza umeme wa laini tatu. Laini ya kwanza ni ya hospitali na haizimwi kamwe, ila kila mtu pale anajua kwamba imebeba pia mtaa mzima wa wakubwa, makazi yao, klabu yao, maduka yao, likiwemo lile la mazulia. Wafanyakazi wanaiita laini ya wagonjwa, wakisema mtaa ule una ugonjwa wa kutovumilia jasho. Msimamizi akamwambia ukizima mtaa umezima na chumba cha upasuaji, kwa sababu hakuna swichi ya kuvitenganisha. Kijana hakuamini kwamba mhandisi mwenye akili timamu angeunganisha namna hiyo. Baada ya mazishi, kabla hajasimamishwa kazi, akaenda kuchimba kwenye kabati la michoro ya zamani, akaupata mchoro, akaupiga picha, akanitumia pamoja na swali moja: "Mjomba, hizi herufi mbili pembeni ni zako?"

Ni zangu. Miaka miwili kabla ya mgomo niliitwa ofisini kwa mkuu wangu, kulikuwa na nyumba moja tu ya waziri mmoja, na waya wa mita mia tisa. Ningeweza kuweka swichi. Sikuiweka, kwa sababu swichi lazima ichorwe, na kinachochorwa huulizwa, kwa hiyo nikaunganisha kabla ya swichi ya hospitali, nikaandika "Hospitali na huduma zake," nikatia herufi zangu. Wengine wakaja wakaning'iniza mtaa mzima kwenye waya wangu. Nilipokuwa jukwaani nikiusema mgao nilikuwa naujua waya huo, na sikuutaja.

Zimepita siku tisa sijamjibu mpwa wangu. Mshauri, niende nitie saini nimwokoe kijana, au nikae hapa nimwache aangamie kwa ajili ya kweli ambayo hata mimi sikuwahi kuisema yote?

Mhandisi, ugenini

JIBU

Mzee wangu, pole kwa msiba. Dada yako nampa pole kubwa zaidi, na kijana aliyelazimishwa kuzima pumzi za baba yake, huyo hata sijui pole yake inaanzia wapi. Nimesoma barua yako mara mbili kisha nikaenda kunawa uso, kwa hasira, na si hasira juu yako peke yako, kwa hiyo usijivune.

Tuanze na wewe. Umejaza kurasa kabla ya kufika kwenye mchoro. Umenipa joto, waziri, Katibu, mazulia, ngazi, mpaka lugha ya dirishani, ndipo ukaleta herufi zako mbili kama mtu anayechomoa deni mfukoni baada ya kuaga. Kisha unaniuliza uende au usiende. Hilo si swali, baba. Swali umeulizwa siku tisa zilizopita na mtu mwenye haki ya kukuuliza, na jibu lake lina neno moja. Kijana amefiwa, amesimamishwa kazi, anahojiwa na watu wanaotaka kumpachika vifo kumi na tisa, na mjomba wake aliyemfanya apende umeme anamwacha atazame skrini ya simu. Hata simu ya Katibu uliipokea.

Umejifunga kwenye milango miwili ya Katibu kana kwamba ndiye aliyejenga nyumba. Ama joto, ama kijana. Wewe unajua mlango wa tatu, una mchoro wake, na ndiyo maana wanakutaka. Hawakuiti kwa ajili ya utaalamu wako. Wataalamu wanao wenye njaa. Wanataka jina lako likae juu ya waya wako. Ukitua tu, Katibu akakupokea na wapiga picha, umekwisha. Kila utakachosema baadaye kitakuwa cha mzee aliyechanganyikiwa na furaha ya kurudi.

Na nikuambie kuhusu hilo joto, kwa sababu nimechoka kulisikia likisingiziwa. Joto lilikuwa digrii arobaini na sita kwa kila mtu, kwa wa ghorofa ya nne na kwa muuza mazulia. Joto halina orodha. Waliokaa na mashine mbili mbovu mpaka kura zipigwe ni watu. Waliolifuta neno mgao ili wasiaibike, wakamnyima mwenye mgonjwa hata taarifa ya kununua mtungi wa pili, ni watu, wana ofisi, wana makatibu. Wanajificha nyuma ya wagonjwa wa hospitali kama mwizi anayembeba mtoto mbele ya kifua ili asipigwe. Na kamba ya kumfunga yule mtoto kifuani uliifunga wewe. Ndiyo, uliogopa. Ndiyo, uliamriwa, na ilikuwa nyumba moja. Kila mtaa wa wakubwa ulianza na nyumba moja.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu, usiurukeruke kama kawaida ya wanaume wenye aibu.

Leo, kabla hujala, mjibu mpwa wako. Andika "Ndiyo, ni zangu." Usiongeze historia ya nchi. Kisha mpigie dada yako umwambie wewe mwenyewe, asije akasikia sokoni. Atakuchukia. Mwache akuchukie, amepewa sababu. Usimwombe akuelewe siku hiyohiyo, na usilie kumzidi. Ukishindwa kusema, kumbuka kwamba yeye amekuomba udanganye ili amwokoe mtoto, na wewe una kitu cha kumwokoa mtoto bila kudanganya: mchoro unaoonyesha kwamba kijana hakuwa na swichi ya kuzima. Asingeweza kuuchagua mtaa ule hata angekuwa malaika. Huo ndio utetezi wake, na hakuna anayeweza kuuapia ila aliyechora.

Halafu nenda kwa mwanasheria huko uliko, ule kiapo. Waya ulianzia wapi, ukapita wapi, nani alikuita ofisini, nani alitia saini juu yako. Majina yote, lako likitangulia. Nakala moja kwa wakili wa kijana, moja kwa gazeti, na moja, hii usiisahau, kwa daktari mkuu wa hospitali ile, kwa sababu ni wagonjwa wake waliogeuzwa ngao na huenda hata yeye hajui. Katika nakala ya daktari chora swichi ambayo hukuiweka, na uandike kazi hiyo inahitaji mafundi wangapi na siku ngapi. Miezi ya joto haijaisha. Toba yako nzuri ni ile ambayo fundi anaweza kuisoma akiwa juu ya ngazi.

Mwaliko wa Katibu ukatae. Kuhusu hamu ya nyumbani sina dawa, na sitakudharau kwa sababu umeitaja. Lakini kile chumba unachotaka kukaa kina kiti kimoja kitupu, na huwezi kwenda kukikalia huku umeficha mkono nyuma.

Jibu hili nalituma kwako kwanza. Gazetini sitaweka neno mpaka uniambie kijana na mama yake wameshajua.

BARUA YA PILI

Mpendwa mshauri, sasa unaweza kuchapisha.

Mpwa wangu nilimjibu siku ileile niliyopata barua yako. Alijibu baada ya dakika chache: "Nilijua, mjomba. Nilikuwa nasubiri uniambie." Wakili wake amewasilisha kiapo changu, na wahojaji waliokuwa wakimwita kila wiki hawajamwita tena. Hajarudishwa kazini. Anasema hata wakimwita hatakwenda, mkono wake hautagusa swichi yoyote tena.

Dada yangu nilimpigia mchana. Nikasikia feni yake ikizunguka, kisha akauliza swali moja: "Siku zile za mgomo, ulipokuwa umejificha kwangu, ukila mezani na mume wangu, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Umemwokoa mwanangu, na nashukuru. Nikifa, usije." Akakata. Sijapiga tena. Nitasubiri yeye, kama anavyoona inafaa.

Katibu naye alipiga. Sauti haikuwa laini. Alisema kesi ya zamani imefunguliwa upya na mpya imeongezwa, na kwamba nikikanyaga uwanja wa ndege nitajua nani ni nani. Nikamwambia asisumbuke kutuma gari. Waziri amesema redioni kwamba mimi ni mzee anayelipwa na maadui wa nchi, na kwamba lililoua ni joto.

Daktari mkuu ndiye aliyenishangaza. Hakuandika maneno mengi. Aliuliza kama swichi inaweza kuwekwa Ijumaa, siku ambayo hakuna upasuaji uliopangwa, na nikamtumia vipimo vya waya na njia ya kuhamishia hospitali kwenye jenereta kwa muda ule. Mafundi wawili wa zamani, waliokuwa wanafunzi wangu, wamejitolea bila barua ya shirika. Kama itawekwa au watazuiwa langoni sijui, lakini mchoro wao una kila kitu, na pembeni nimeandika jina langu zima.

Mimi sitarudi.